Kirk Session ni nini, na ilitoka wapi?

Ndugu wa vikundi vya Landless, wengi tunasikia "Kirk Session" pale kanisani PCEA bila kujua maana. Kirk ni neno la Kiskoti, yaani kanisa. Lilikuja na wamishonari wa Scotland waliofika Kibwezi mwaka 1891. Malaria iliwasumbua sana, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Hapo paliitwa Thogoto, na jina hilo si lingine ila "Scot" likitamkwa Kikikuyu.

Walileta nyimbo, walileta Woman's Guild iliyoanza kwao 1887. Lakini jambo la kufaa kikundi chochote, hata cha wasio Wapresbiteri, ni hili: mchungaji hatawali peke yake. Yeye ni mwenyekiti wa kikao tu, na wazee waliochaguliwa huamua pamoja naye. Kila mzee ana mtaa wake, anajua nani mgonjwa, nani amefiwa. Sasa linganisha na kikundi ambacho mwenyekiti ndiye anakusanya pesa, ndiye anaandika kitabu, ndiye anaenda benki. Siku akihama, mtamuuliza nani?

Hata hivyo si kila kitu kilibaki cha Scotland. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, alitaka wamishonari na pesa za ng'ambo zisitishwe kwa muda, makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Wengi walikasirika! Makao makuu ya PCEA pale South C, Nairobi, yanaitwa Jitegemea House.