Boliti ya turbo haichaguliwi kwa ugumu peke yake

Gari likilia "tss, tss" asubuhi, mlio ukapungua injini ikishapata moto, mara nyingi stadi (boliti isiyo na kichwa) ya manifodi ya ekzosi imekatika. Fundi atachokoa kipande kilichobaki kwenye hedi, kisha mwenye gari atatumwa dukani kutafuta "ile ngumu kabisa". Atarudi na 12.9, nyeusi, ya bei. Kwa turbo, hapo kakosea.

Namba hiyo inaeleza nguvu ya chuma kikiwa baridi: 12 ni megapaskali 1,200 kabla ya kukatika. Nguvu hiyo ilipatikana kiwandani kwa kuchoma chuma, kukipoza ghafla, kisha kukipasha tena. Ukikirudisha kwenye joto kali, kuanzia nyuzijoto 300 hivi, kinaanza kulegea. Na moshi wa injini ya petroli yenye turbo hupita nyuzijoto 900. Boliti haipati joto lote hilo, lakini inapata la kutosha kuiharibu.

Kukaza boliti ni kuivuta. Inarefuka kidogo mno, na ile nguvu ya kutaka kurudi ndiyo inayobana gasketi. Ikikaa motoni, urefu ule unageuka wa kudumu, safari baada ya safari. Nati haijazunguka hata kidogo, ila mbano umekwisha.

Tena kuna kutanuka. Manifodi ya chuma cha kasti yenye urefu wa nusu mita, joto likipanda kwa nyuzi 600, hurefuka milimita 3 hivi. Hedi ya alumini inapozwa na maji, kwa hiyo haifikishi hata milimita 1. Tofauti hiyo huzipinda stadi za pembeni kila gari linapowashwa na kuzimwa, ndiyo maana hizo hukatika kwanza. Matundu ya pembeni yameachwa mapana makusudi. Tafadhali, fundi asiyajaze kwa kulehemu.

Basi ununue nini? Kwa manifodi, stadi ya chuma chenye kromu na molibdeni, iliyogongwa B7 mwishoni, huhimili nyuzijoto 400 na kidogo. Kwenye flanji ya turbo ningelipia A286, ambayo hubaki imara hadi karibu 700. Stenlesi ya kawaida, A2, inapendwa kwa kuwa haishiki kutu, lakini ni laini, hutanuka kuliko kasti, na nati yake hung'ang'ania uzi hadi ukatike. Iache huko nyuma kwenye klampu za bomba.

Boliti inayong'aa kwa zinki usiiweke: zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419. Nati yenye nailoni nayo itayeyuka, na gundi ya nyuzi iliyo bora huachia karibu na 230. Tumia nati ya chuma tupu ya kujifunga yenyewe, iliyopakwa shaba, na kila ukifungua weka mpya. Paka nyuzi grisi ya nikeli, ila kumbuka uzi ukiteleza, toki (nguvu ya kukazia) ileile huivuta boliti zaidi. Fuata kipimo cha mtengenezaji kwa uzi uliopakwa.

Nafasi ikiruhusu, weka stadi ndefu na bushi ya chuma chini ya nati. Stadi ndefu hurefuka zaidi kwa mkazo uleule, hivyo ikipoteza kidogo bado inabana, na nati inakaa mbali na moto.