Bando Kamili, Mtandao Nusu: Gharama ya Intaneti Nyumbani Ikonge

Bando la intaneti halina bei ya mashambani. Mkazi wa Ikonge, kaskazini mwa Kaunti ya Nyamira, hulipa sawa na mkazi wa Westlands, Nairobi. Tofauti huonekana akishafunga mlango wa nyumba yake. Barabarani simu inasoma 4G; akiteremka hadi bomani, somo la mtoto kwenye video linazungukazunguka mpaka muda wa bando unakwisha na data nyingi haijaguswa. Pesa hiyo hairudi.

Kampuni za simu hazidanganyi zinapojisifu. Safaricom husema 4G yake inawafikia takriban asilimia 97 ya Wakenya. Lakini hesabu ya namna hiyo huangalia anayeishi ndani ya eneo la mnara. Haiulizi sebuleni kwake kukoje. Na nyumba za Gusii, eneo ilipo Ikonge, zina vizuizi viwili vikubwa: vilima na mabati. Mawimbi ya 4G hupenda njia iliyonyooka, kwa hiyo mnara ulio kilimani unamwona jirani wa juu na kumkosa wa bondeni, karibu na kijito. Yale yanayofika hugonga mabati na kurudi. Kinachoingia hupitia madirishani, tena kikiwa kimedhoofishwa na mikaratusi iliyozunguka shamba.

Ndiyo maana mkulima wa chai anaweza kutuma pesa akiwa jikoni ilhali WhatsApp yake imekwama. Menyu ya M-Pesa iliyo ndani ya laini hutosheka na 2G, ambayo husafiri mbali na haihitaji nguvu nyingi. Kujaza fomu za eCitizen au za KRA ni jambo jingine. Hapo mtu hupanda hadi saiba ya sokoni, akalipia huduma ambayo bando lake lingeimaliza nyumbani.

Masafa nayo yana bei yake. Mawimbi ya megahezi 800 hupenya kuta na kufika mbali kuliko yale ya 1800 au 2600, na ndiyo sababu Safaricom ilikubali kulipa dola milioni 25 kwa kipande cha masafa hayo. Faida hiyo humpita mwenye simu isiyoyasoma. Gusii ina jamaa wengi Minnesota, Marekani, na simu hutumwa nyumbani kila mwaka. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina 800 kabisa. Simu ni ya bei ghali, lakini bondeni hushindwa na ya bei nafuu iliyonunuliwa mjini Kisii.

Wapo waliojaribu kuruka vilima. Mnamo Julai 2020, Loon, kampuni ya Alphabet inayomiliki Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kurusha maputo yapatayo 35, kilomita 20 juu, yakimwaga 4G kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Kisii ilitajwa miongoni mwa maeneo hayo. Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga, kwa kuwa gharama haikushuka kiasi cha kuifanya biashara ijilipe. Ufundi ulifanya kazi. Hesabu ndiyo iliyokataa. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imeonyesha kwamba intaneti ya kutoka angani inaweza kuuzwa. Ila vifaa vyake ni makumi ya maelfu ya shilingi, na huhitaji anga wazi, yaani mikaratusi kadhaa ianguke.

Kwa familia ya kawaida, dawa bora ni ruta ya laini yenye antena ya nje, ifungwe juu ya ukuta unaotazama mnara, kwa waya mfupi, kwani waya mrefu hula mawimbi. Vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa kiholela ni hatari: vikikosa idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ni haramu, na kelele zake huvuruga mnara wa kijiji kizima. Kabla ya kununua chochote, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya hali ya laini, usome nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm. Hasi 85 ni nzuri. Hasi 115 ni taabu. Kila tofauti ya 10 ni nguvu mara kumi. Pima mlangoni, dirishani na juu ya ngazi, kwa laini za kampuni tofauti, maana minara yao haisimami mahali pamoja.

Hata hivyo, mzigo huu haufai kumwangukia mteja peke yake. Sheria inaruhusu kampuni zitozwe hadi asilimia 1 ya mapato yao ya mwaka kwa ajili ya Mfuko wa Huduma kwa Wote, na fedha hizo huanzia kwenye maeneo yasiyo na mnara kabisa, hasa kaskazini mwa nchi. Ni haki. Lakini Ikonge ina mtandao wa kutosha kuonekana imehudumiwa, na hafifu kiasi cha kutotumika chumbani. Mamlaka ya Mawasiliano ipime mawimbi ndani ya nyumba, wadi kwa wadi, na itangaze matokeo kwa jina la kila kampuni, ili anayenunua bando ajue ananunua nini.