Ganzi ya Macho Si Dawa ya Kwenda Nayo Nyumbani

Mafundi wa kuchomelea vyuma wanayajua maumivu haya. Mchana kazi imekwenda bila shida. Usiku macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga, machozi hayakatiki, na mwanga wa taa hauvumiliki. Mionzi mikali ya moto wa kuchomelea imeunguza konea, utando angavu ulio mbele ya jicho. Mara nyingi jeraha hilo hupona lenyewe kwa siku moja au mbili. Hatari huingia pale fundi anapopata kichupa cha matone ya ganzi, kama tetrakaini.

Sisi tunaotibu macho tunayategemea sana matone hayo. Tangu daktari Carl Koller aonyeshe mwaka 1884 kuwa kokaini hutia jicho ganzi, dawa za aina hii zimewezesha upasuaji mwingi. Tone moja hukolea chini ya dakika moja, likaisha nguvu baada ya dakika 10 hadi 20. Kliniki muda huo unatosha kutoa kipande cha chuma kilichoingia jichoni. Nyumbani mgonjwa hutia tena, na tena, usiku kucha.

Konea haina mishipa ya damu, lakini imejaa neva kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Neva hizo ndizo zinazotufanya tupepese, zinazoita machozi na kuchochea seli mpya kukua. Ganzi huzinyamazisha zote. Dawa yenyewe nayo huua seli za juu na kuzizuia zisisogee kuziba kidonda. Hivyo jicho hukauka, kidonda hutanuka, na maumivu yakirudi huwa makali kuliko ya kwanza. Baadaye huweza kutokea duara jeupe kwenye konea. Vijidudu hupata njia, na konea huweza kuyeyuka hadi ikatoboka.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wengi huficha kichupa, nasi tukadhani ni maambukizi ya amiba, maana dalili hufanana. Tafadhali, tuonyesheni. Hatutawagombeza. Tukiwahi, kuacha ganzi, vidonge vya maumivu, matone ya antibiotiki na machozi ya bandia huweza kuliokoa jicho, ingawa wengine hulazimika kulazwa. Tukichelewa hubaki kovu, na konea za kupandikiza ni adimu mno kwetu.

Kwa macho yaliyochomwa na mwanga, meza dawa ya maumivu, kaa kwenye giza, usiyasugue. Siku mbili zikipita bila nafuu, njoo. Kama kuna chuma ndani, njoo leo hii.