Jinsi wakimbizi wa Ulaya walivyotafutiwa makazi baada ya vita

VITA Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika Ulaya, Mei 1945, mamilioni ya watu walikuwa nje ya nchi zao: wafungwa wa kambi za mateso, watu waliochukuliwa kwa nguvu kufanya kazi katika viwanda na mashamba ya Ujerumani, na wengine waliokimbia mapigano. Katika miezi michache wengi wao walirejeshwa makwao kwa treni na malori ya majeshi ya washindi. Wakabaki watu wapatao milioni moja ambao hawakuwa tayari kurudi.

Hao ni Wapolandi, Waukraine, watu wa Estonia, Latvia na Lithuania waliohofia utawala wa Kisovieti, pamoja na Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi na ambao hawakuwa na cha kurudia.

Mzigo wa kuwalisha ulikuwa mikononi mwa UNRRA, shirika la misaada lililoundwa na mataifa 44 mjini Washington, Novemba 1943. Kila mwanachama ambaye nchi yake haikuvamiwa na adui aliombwa kuchangia asilimia moja ya pato lake la taifa. Kwa hesabu hiyo, Marekani ndiyo iliyolipa sehemu kubwa zaidi, na sauti yake ilikua kwa kadiri ya mchango wake.

Ugomvi haukuchelewa. Moscow ilitaka misaada iwaendee wale tu waliokubali kurudi. Huko Yalta, Februari 1945, wakuu wa mataifa washirika walikuwa wameafikiana kuwa raia wa Kisovieti warudishwe, na wengine walipakiwa kwenye treni kwa nguvu. Baadaye serikali za Magharibi zilisita. Desemba 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha katiba ya Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, IRO, ambalo kazi yake kubwa ingekuwa kuwatafutia watu nchi mpya. Ni nchi 18 tu zilizojiunga nalo. Urusi ya Kisovieti haikuwamo.

Kuanzia Julai 1947 hadi Januari 1952, IRO ilitumia takriban dola milioni 400, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Ilikodi meli, ikaendesha hospitali na mafunzo ya ufundi, na ikawasafirisha watu zaidi ya milioni moja. Marekani ilichukua zaidi ya 300,000, Australia takriban 180,000, na Israel na Canada zaidi ya 120,000 kila moja.

Hata hivyo, ni vigumu kusema kuwa milango ilifunguliwa kwa huruma peke yake. Ubelgiji ilitaka wachimbaji wa makaa ya mawe. Uingereza ilihitaji wahudumu wa hospitali na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Australia iliwataka wahamiaji wafanye kazi miaka miwili popote serikali itakapowapangia. Maofisa wa nchi hizo walipita kambini wakichagua vijana wenye afya, na doa la kifua kikuu kwenye picha ya eksirei liliweza kuizuia familia nzima. Watu wakalazimika kuamua: wamwache mgonjwa wao, au wabaki wote. Mwanasheria au mwalimu alipata nafasi kwa shida kuliko mkulima.

Kazi hiyo iligusa pia Afrika Mashariki. Tangu 1942 maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia na Wasovieti na kisha kutoka kupitia Iran, waliishi katika kambi za Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja nchini Uganda, na kwingineko. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000. Mwanzoni mwa 1950 meli General Langfitt iliwachukua zaidi ya 1,000 kutoka Mombasa hadi Australia. Waliofia Tengeru wamezikwa huko, na makaburi yao yapo hadi leo.

Fedha hazikuweza kuwanunulia nafasi wazee, walemavu na wagonjwa. Norway, iliyokubali kuwapokea vipofu, ilikuwa miongoni mwa nchi chache. Wajerumani wapatao milioni 12 waliofukuzwa Ulaya ya Mashariki hawakuhesabiwa kabisa, kwani katiba ya IRO iliwaweka kando na Ujerumani iliyobomoka ikaachiwa mzigo huo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lililoanza Januari 1951, lilipewa bajeti ya dola 300,000 tu, wala halikuruhusiwa kuomba michango bila idhini ya Baraza Kuu. Fedha za kwanza za maana, dola milioni 2.9, zilitoka mwaka 1952 kwa taasisi binafsi ya Ford ya Marekani. Wakati huo maelfu walikuwa bado kambini. Kambi ya mwisho ya Wayahudi, Föhrenwald katika jimbo la Bavaria, ilifungwa mwaka 1957.