Usaili wa igizo la muziki la vijana: kweli au si kweli?

Kikundi cha mtaani kikitangaza usaili wa igizo la muziki la vijana, uvumi hufika mtaani kabla ya tangazo lenyewe. Wazazi wanaelezana mlangoni, watoto wanatishana shuleni, na wapo wenye vipaji ambao hawaji kabisa kwa sababu ya jambo walilolisikia. Hao ndio wanaonifanya niandike.

"Mwenye sauti kubwa kuliko wote ndiye atakayepewa uhusika mkuu." Si kweli.

Igizo la muziki linamtaka mtoto aimbe, aigize na acheze, mara nyingi vyote kwa pamoja. Halafu kati ya siku ya usaili na onyesho la kwanza kuna wiki nyingi za mazoezi. Mwongozaji anayeijua kazi yake hamtafuti mtoto aliyekamilika leo, anamtafuta anayefundishika. Ndiyo maana mtoto akimaliza kuimba huambiwa arudie ubeti ule ule, safari hii kama anambembeleza mdogo wake alale na mama bado hajarudi. Hapo ndipo usaili unapoanza hasa. Yupo mwenye sauti ya kujaza ukumbi ambaye atarudia vile vile alivyoimba mwanzo. Yupo mwenye sauti nyembamba ambaye ataituliza, atavuta neno, atamtazama huyo mdogo asiyeonekana. Jina la huyu wa pili ndilo la kuwekewa alama. Pumzi na nguvu ya sauti vinajengwa kwa mazoezi. Kumfundisha mtu kusikiliza huchukua muda mrefu zaidi.

Tazama igizo la muziki *Sarafina!* la Mbongeni Ngema, lililoanza kuonyeshwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Ngema alikusanya vijana wa vitongoji vya Waafrika na kuwafunza kuimba, kucheza na kuigiza hadi wakawa kundi moja. Leleti Khumalo, aliyeigiza Sarafina mwenyewe, alikuwa na miaka 17. Mwaka uliofuata igizo lilifika Broadway, New York, na binti huyo akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Walichaguliwa kwanza, kisha wakafundishwa.

"Mvulana ambaye sauti inamkatika asubiri mwaka ujao." Si kweli, na uvumi huu unatunyima wavulana wengi.

Mvulana anapobalehe, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15, kongomeo lake hukua na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa. Misuli iliyozoea nyuzi fupi inabidi ijifunze upya, na ndiyo sababu sauti inaruka na kukwaruza katikati ya neno. Huo si ugonjwa, wala si dalili kwamba hajui kuimba. Kwa muda, eneo la noti anazoweza kuziimba bila taabu linaweza kuwa dogo sana, pengine noti tano au sita tu, na wiki chache baadaye likawa limehama.

Kazi ya msaili ni kulitafuta eneo hilo. Amwombe avute sauti taratibu kutoka juu kwenda chini kama anayepiga mwayo, asikilize inapotulia, kisha ampe wimbo katika ufunguo unaokaa hapo. Mpiga kinanda akishusha ufunguo kidogo, kijana aliyeonekana hafai huimba vizuri tu. Asichopaswa kufanya ni kumlazimisha aimbe sauti ya kwanza aliyokuwa akiiimba kwenye kwaya akiwa na miaka 10, kwa kuwa hiyo humchosha koo na kumtia aibu mbele ya wenzake. Wasichana nao hubadilika sauti, ila kwa upole zaidi: huenda ikawa na hewa nyingi, ikakosa uthabiti kwa miezi kadhaa. Nao wavumiliwe.

"Lazima mtoto aje na wimbo wa Kizungu kutoka kwenye filamu." Si kweli.

Ubeti mmoja na kiitikio vinatosha, katika lugha anayoielewa, kwenye ufunguo anaoumudu. Watoto wetu wanatoka kwenye kwaya, kaswida, ngoma na mashindano ya shule. Aliyezoea kushika sauti ya pili huku mwenzake pembeni anaimba ya kwanza ana ujuzi ambao waongozaji wa maigizo ya muziki wanauhitaji sana. Ninachokiomba ni kwamba wimbo uendane na umri. Mtoto wa miaka 11 akiimba machungu ya mke aliyekimbiwa na mumewe, msaili hawezi kumwona yeye mwenyewe.

"Mwenye haya hafai jukwaani." Si kweli. Wengi wenye haya husema kwa raha wakipewa maneno ya mtu mwingine. Wapewe mchezo wa kikundi kwanza, kuimba peke yao baadaye.

"Majaji wameshachagua watu wao kabla ya usaili." Mahali pengine, kweli.

Nalisema kwa uchungu, maana vikundi vya jamii vinaishi kwa imani ya jamii. Mtoto wa mfadhili, mpwa wa mwenyekiti, binti aliyeng'ara mwaka jana: wote hawa wanaweza kuwa wamepewa nafasi moyoni mwa mwongozaji kabla hawajafungua kinywa.

Dawa ni uwazi, na Afrika Mashariki ina mfano wake. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walipoandaa igizo la *Ngaahika Ndeenda* la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, usaili na mazoezi vilifanyika hadharani. Wanakijiji walitazama, wakakosoa na kuchangia. Serikali ililipiga marufuku igizo hilo Novemba mwaka huohuo, lakini namna ile ya kufanya kazi imebaki kuwa somo.

Kwa watoto sitaki umati. Nataka vigezo vibandikwe ukutani kabla ya siku, wasaili wawe watatu au zaidi, kila mmoja aandike alama zake kabla ya kujadiliana, na mwenye ndugu kwenye foleni akae pembeni zamu ya nduguye ikifika. Na haya hayana mjadala: usaili haufanyiki nyumbani kwa mtu, msaili habaki peke yake na mtoto chumbani, na hakuna uhusika unaonunuliwa. Mzazi akiombwa pesa ili mwanawe apangwe, amchukue mwanawe waondoke.

"Asiyepata uhusika mkuu ameshindwa." Si kweli.

Mwaka 1976 igizo la muziki *Annie* lilipokuwa likijaribiwa Connecticut, Marekani, Andrea McArdle hakupewa uhusika wa Annie mwenyewe. Alikuwa Pepper, mmoja wa mayatima katika igizo hilo. Maonyesho yakiwa yameshaanza, waandaaji wakabadili mawazo wakampa Annie, na mwaka 1977 akaufikisha uhusika huo Broadway. Katika igizo la muziki *Billy Elliot*, lililoanza London mwaka 2005, wavulana watatu walipokezana uhusika mmoja, kwa sababu ni mzito mno kwa mtoto mmoja kuubeba kila usiku. Kikundi cha mtaani nacho kinaweza kuwapanga wawili, kila mmoja na siku zake.

"Kubandika majina ubaoni kunatosha." Si kweli.

Mtoto aliyekosa anasoma orodha ile mara tatu akitafuta jina lake, wenzake wakimtazama. Aambiwe kwanza, yeye na mzazi wake, jambo moja alilolifanya vizuri na jambo moja la kulifanyia mazoezi. Kwa watoto 40 hiyo ni kazi ya jioni mbili, na anayeongoza kikundi aiweke kwenye ratiba tangu siku anayoandika tangazo. Kisha awaulize pia waliokosa nani anataka kushona mavazi, kupiga ngoma au kusimamia taa, na awape tarehe ya kuanza.