Kozi Ipi Huhesabiwa Sayansi? GPA ya Waombaji wa Udaktari Marekani

Anayeomba kusomea udaktari nchini Marekani hapimwi kwa GPA moja. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba vya nchi hiyo, hugawa kozi zake zote za chuo kikuu katika mafungu mawili. La kwanza huitwa BCPM: biolojia, kemia, fizikia na hisabati. La pili ni la masomo mengine yote, kuanzia fasihi hadi uchumi. Wastani wa fungu la kwanza ndio unaojulikana kama GPA ya sayansi, na kamati za udahili huutazama kando ya wastani wa jumla. Mjadala huanzia kwenye kozi zilizo mpakani. Kanuni ya AMCAS ni kwamba kozi huwekwa kwenye fungu kulingana na kile hasa kilichofundishwa, si kulingana na idara iliyoifundisha. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki, ilimradi asiwepo wa kuigeuza kuwa hukumu kuhusu elimu ipi ni sayansi na ipi si sayansi.

Kazi ya kupanga kozi huanza na mwombaji mwenyewe. Huingiza kila kozi kama inavyosomeka kwenye transkripti yake, pamoja na uniti na alama, kisha huichagulia fungu. Baadaye wahakiki hulinganisha na transkripti iliyotumwa na chuo, na wakiona kozi imewekwa pasipo pake, huihamisha. Kozi ya takwimu iliyofundishwa na idara ya saikolojia huingia kwenye hisabati, kwa sababu mwanafunzi alikuwa akikokotoa uwezekano na kupima nadharia tete. Kozi ya sayansi ya neva huhesabiwa biolojia hata kama mwalimu wake ni mwanasaikolojia. Kwa upande wa pili, lishe, uuguzi na afya ya jamii huwekwa chini ya sayansi za afya, nje ya BCPM. Uhandisi, sayansi ya kompyuta na jiolojia nazo hubaki nje, ingawa hakuna atakayesema ni masomo mepesi.

Kwa nini basi kisifuatwe kigezo rahisi cha idara? Kwa sababu mipaka ya idara ni suala la utawala wa chuo. Biokemia katika chuo kimoja iko chini ya kemia, katika kingine chini ya biolojia, na kwingine ina idara yake. Wanafunzi wawili waliosoma mada zilezile wangeweza kutoka na GPA tofauti za sayansi kwa sababu tu ya namna vyuo vyao vilivyojipanga. Kigezo cha maudhui huwaweka kwenye mzani mmoja.

Atakayepinga atasema kwamba kumwachia mwombaji ajipangie kozi ni kumkabidhi fisi bucha: kila kozi aliyopata A ataiita biolojia. Tufanye hesabu. Chukua mwanafunzi mwenye uniti 40 za BCPM na wastani wa 3.40, yaani pointi 136. Akiongeza kozi mbili za mpakani, kila moja ya uniti 3 na zote A, anapata pointi 24 zaidi. 160 kwa uniti 46 ni takriban 3.48. Ameongeza pointi nane za mia, na wastani wake wa jumla haujasogea hata kidogo, kwa kuwa kozi hizo zilikuwa zimeshahesabiwa humo. Faida ni ndogo, wahakiki wapo, na hata wakipitiwa, transkripti iko mbele ya kamati.

Pingamizi zito zaidi linahusu saikolojia na sosholojia. Tangu 2015 mtihani wa kujiunga na vyuo vya tiba, MCAT, una sehemu nzima inayopima misingi ya kisaikolojia na kijamii ya tabia za binadamu. Inakuwaje elimu hiyo iwe muhimu kwenye mtihani lakini isihesabiwe kwenye GPA ya sayansi? Jibu ni kwamba vipimo hivi viwili vina kazi tofauti. MCAT hupima upana wa maarifa ya daktari mtarajiwa. BCPM huonyesha alivyohimili, muhula baada ya muhula, masomo ya maabara na ukokotoaji. Hata hivyo, pingamizi hili linatukumbusha kwamba mpaka huu ni makubaliano tu. Mfumo wa AACOMAS, wa vyuo vya tiba ya osteopathia, hauingizi hisabati kwenye GPA yake ya sayansi. Aliyesuasua kwenye hisabati anaweza kuwa na wastani mmoja huku na mwingine kule, bila alama yake hata moja kubadilika.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kulielewa hili. AMCAS haipokei transkripti za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada. Aliyemaliza shahada ya kemia Dar es Salaam au Nairobi kwa alama za juu hatapata GPA ya BCPM kutokana na kozi hizo, isipokuwa zile zilizohamishiwa na kukubaliwa na chuo chenye ithibati huko. Hajawa mwanasayansi hafifu kwa hilo. Kipimo ndicho kisichomfikia. Mwenye nia ya kuomba na aulize mapema ni kozi zipi atahitaji kusoma upya huko, na atunze muhtasari wa kila kozi, kwani huo ndio utakaoonyesha alichofundishwa pale ambapo jina la kozi halitoshi.