Aliyekufa Akiokoa Wenziwe: Nani Ataiangalia Nyumba Yake?

Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, katika kijiji cha Chang'ombe, kata ya Segera, wilaya ya Handeni, ilitokea ajali ya gari barabarani. Watu wa pale wakatoka majumbani wakakusanyika kuwasaidia waliopatwa. Wakiwa wangali pale likaja lori likawaparamia. Watu 11 wakafa na wengine 13 wakajeruhiwa. Khabari hiyo ilienea nchi nzima, na Rais akatuma rambirambi zake. Kisha, kama ilivyo ada ya khabari, zikaja nyingine.

Handeni ni mbali na Isongole, lakini jambo lenyewe si la mbali. Tangu njia ya kutoka Mpemba iwekwe lami, malori yapita kwetu yakielekea mpaka wa Malawi, na milima hii ya Ileje ina ukungu na kona nyingi. Gari likipinduka, wa kwanza kufika ni jirani mwenye tochi na shuka. Namba ya Zimamoto ni 114, na ingefaa kila mtoto wa chuo aihifadhi. Lakini kati ya kupiga simu na kufika gari kuna muda, na katika muda huo ndipo majeruhi hufa au huokoka. Muda huo wote ni wa jirani.

Askari wa Zimamoto au wa polisi akifa kazini, ana namba yake na jalada lake, na wapo wakubwa wake wa kuulizwa. Jirani huyu hana jalada. Ameacha shamba la mahindi, mke, na watoto ambao mkubwa wao labda ndiyo kwanza ameingia darasa la nne. Jee, ni nani atakayeulizwa khabari zao?

Wengi watajibu kuwa sisi huchanga. Ni kweli, twachanga, wala hapana anayeweza kutulaumu kwa siku ya maziko. Lakini tuangalie fedha zile zaenda wapi. Aghlabu huliwa palepale. Hununuliwa mchele na ng'ombe, watu wakala siku tatu katika nyumba ya mayatima, na wengine hukaa hata siku saba. Mambo haya yamegeuzwa juu chini. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliamuru watu wapike chakula wawapelekee jamaa zake, kwa kuwa walikuwa wameshughulishwa na msiba. Yaani jirani ndiye mwenye kulisha, na mfiwa ndiye mwenye kulishwa. Sisi twaja na shilingi elfu mbili na matumbo matupu.

Tena yatupasa kutazama aliyoyafanya Mtume baada ya siku tatu kupita. Alirudi nyumbani kwa Jaafar, akawataka wale watoto waletwe, akamwita kinyozi awanyoe. Mama yao, Asmaa binti Umays, aliposikitika kwa uyatima wao, alimjulisha kuwa yeye mwenyewe ndiye msimamizi wao. Siku ambayo sisi twakunja majamvi na kurudi makwetu, ndiyo aliyoingia yeye kuwatazama watoto nywele zao. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue ikiwa ana mimba. Katika siku hizo bado husikia hodi mlangoni. Ikiisha eda ndipo nyumba hunyamaza, na ndipo ada za mitihani, madaftari, mbolea ya msimu na viatu vya mtoto vinapokuja kwa pamoja. Msaada ungegawanywa, nusu ya siku ya maziko na nusu ya baada ya eda, fedha ileile ingefanya kazi mara mbili.

Lipo na jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Fedha za mchango ni za nani? Nimeona mara nyingi ndugu wa marehemu wakizitia katika urithi, na wengine hufanya hivyo kwa nia njema. Lakini urithi ni mali aliyoiacha maiti. Mchango umetolewa baada yake, nao ni wa yule aliyekusudiwa na mtoaji. Tuseme watu wamechanga shilingi 800,000 kwa ajili ya mjane na watoto wake. Zikitiwa katika urithi, mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani shilingi 100,000, na baba wa marehemu, akiwa hai, atakuwa na sudusi yake. Hali ya kuwa mtoaji alitaka wale wale chakula. Basi anayepokea mchango na aseme mbele ya watu, kabla ya kuhesabu, kuwa fedha hizi ni za fulani na fulani. Ziandikwe katika daftari, na mashahidi wawili watie sahihi. Fungu la watoto likiwa chini ya ami yao, naye ana mali yake, asile humo hata kidogo. Akiwa ni maskini, ale kwa kiasi cha haki. Onyo la mwenye kula mali ya yatima limo katika Suratun-Nisaa, wala halihitaji kuongezwa maneno yangu.

Kule Marekani, tarehe 11 Septemba 2001, alikufa askari wa Zimamoto wa New York aitwaye Stephen Siller, akaacha mke na watoto 5. Ndugu zake wakaanzisha mfuko kwa jina lake, na kazi moja ya mfuko huo ni kulipa deni la nyumba za askari wa Zimamoto na polisi waliokufa kazini. Huko watu wengi hununua nyumba kwa mkopo wa miaka mingi, na jambo la kwanza limwogopeshalo mjane ni kutolewa nyumbani. Walitazama hofu yake ilipo, wakaiondoa hiyo. Kwetu hofu ni shamba kunyang'anywa na mtoto kuacha shule.

Huulizwa pia kama sadaka yetu yaweza kwenda kwa nyumba ya asiyekuwa Mwislamu aliyekufa akiokoa watu. Kwa zaka yana masharti yake, nayo yaulizwe kwa masheikh. Sadaka ina mlango mpana. Waislamu katika Ileje tu wachache, na anayetutoa sisi garini hatuulizi dini kwanza. Tarehe 21 Desemba 2015, huko Mandera nchini Kenya, washambulizi walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, naye ni Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Nairobi tarehe 18 Januari 2016. Wakenya wa dini zote waliichangia nyumba yake.

Mwisho, si kila kitu ni sadaka. Aliyegongwa na lori barabarani ana haki katika bima ya lori lile, hata ikiwa ni ile ndogo ambayo kila gari lalazimishwa na sheria kuwa nayo. Watu hawaidai kwa kutojua. Hutakiwa taarifa ya polisi, cheti cha kifo, na barua ya msimamizi wa mirathi itokayo Mahakama ya Mwanzo. Namba ya lori iandikwe usiku uleule, kabla halijaondolewa. Mjane aliye edani si rahisi kuyahangaikia haya mwenyewe. Imamu au shemeji amwendee, na karatasi zikirudi zikae sandukuni mwa mjane.